Amplifaya Chini ya Kitambaa

Kaka yangu, ambaye ameishi ng'ambo muda wa kutosha kusahau jinsi nyumba ya wazazi wetu inavyoendeshwa, alimtumia baba hedifoni za bei ya ng'ombe wa maziwa. Hakutuma amplifaya yake. Alisema begi lilikuwa zito. Ni kama kumtumia mtu jiko la gesi ukaacha mtungi, kisha ukapiga simu kuuliza kama chai ilikuwa tamu.

Hedifoni za kawaida unazichomeka kwenye redio zinalia, basi. Hizi hazina sumaku wala koili ndani. Zina utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, umewambwa katikati ya mabati mawili yenye matundu. Utando huo hutiwa umeme wa volti mia tano na themanini ukakaa nao, halafu yale mabati yanauvuta na kuusukuma kwa umeme wa muziki wenyewe, ambao nao ni volti mamia. Hakuna redio Thika nzima inayotoa umeme wa namna hiyo kwenye tundu la hedifoni, na kama ipo, mwenyewe tulishamzika. Baba aliitazama plagi yenye pini tano, akaitazama redio yake yenye tundu moja, akanipigia simu.

"Maitu," akasema. Huniita hivyo, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na hulitumia hasa anapotaka kitu. "Si wewe ndiye injinia wa stima? Kuja uone hii kitu kijana ametuma."

Mimi ni injinia kweli. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine za kiwanda fulani hapo Thika zinaendelea kujaza makopo bila kumjaza mtu vidole. Lakini kwetu, mtaa wa Landless hapo Thika, injinia wa stima ni mtu wa kutengeneza chochote chenye waya: pasi, taa ya choo, televisheni ya jirani, na wakati mmoja mbuzi aliyekuwa ametafuna kebo. Mbuzi alipona mwenyewe. Sifa nilipewa mimi, na sikuzikataa.

Lazima niseme hedifoni zilikuwa za kazi gani, maana baba hakuwa mtu wa kukaa na kusikiliza muziki akiwa amefumba macho. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa. Vikombe vilivyopangwa kwenye kabati la sebuleni ni vyake, na kila mgeni husimuliwa habari ya kila kikombe, atake asitake. Sasa katika siku za karibuni baba alikuwa ameanza kulalamika kwamba kwaya inamumunya maneno. Soprano hasa. Alisema wanaimba na viazi moto mdomoni. Aliwarudisha mstari mmoja mara nyingi mpaka soprano wake bora, mama mtu mzima mwenye wajukuu, akafunga kitabu cha nyimbo, akachukua mkoba, akahamia kanisa la ng'ambo ya barabara, ambako nadhani Mungu husikia vizuri zaidi.

Wazee wa kanisa wakakutana. Mmoja wao, mtu wa methali, akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Halafu wakamwendea baba kwa ule upole wa watu waliokwisha kuamua, wakamwomba apumzike.

Baba hakukubali kupumzika. Alikuwa amerekodi mazoezi yote kwenye simu. Akawaambia spika ya simu ni ya uongo, na spika za kanisa ni za uongo zaidi, jambo ambalo ni kweli tupu, mimi ndiye huzitengeneza. Lakini mwanawe ametuma kitu kisichodanganya, na binti yake anakiundia mashine. Waje Jumapili moja baada ya ibada, wavae wenyewe, wasikie soprano wanavyomumunya, halafu waseme ni nani apumzike. Wazee wakakubali. Chakula kilikuwa kimetajwa.

"Nataka mashine haiongezi na haipunguzi," baba akaniambia. "Ile kitu iko, ndiyo hiyo tusikie."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa: amplifaya ya kuthibitisha kwamba akina mama wa kwaya hawajui kutamka. Na kabla sijachora mstari hata mmoja, mama alitia sharti lake. Kabati lake la sebuleni lilikuwa limejaa. Kulikuwa na televisheni, vikombe vya baba, thamosi mbili, picha ya harusi yangu ambayo mume wangu amefumba macho, na kati ya televisheni na kikombe kikubwa palikuwa na nafasi moja ndogo.

"Kama inatoshana na mkate, sawa," akasema. "Ikipita mkate, mtaweka kwako Gitothua na mzee wako."

Wenzangu wa nchi nyingine hutengeneza amplifaya za aina hii kubwa kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Wana meza, wana nafasi, na hawana mama. Mimi nilinunua mkate, nikaupima kwa rula urefu, upana na kimo, kisha tukaula. Vipimo hivyo ndivyo nilivyobandika ukutani.

Karakana yangu ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu Gitothua, hapo Ruiru, ninachogawana na magunia ya mahindi kutoka shamba la mume wangu la Ngoliba. Mahindi ndiyo yenye chumba. Mimi ni mpangaji. Nilifanya kazi jioni baada ya kiwandani, na mume wangu alikuwa akisimama mlangoni, hakanyagi ndani.

"Hiyo stima iko ngapi hapo?"

"Mia tano na themanini."

"Na ya ukuta?"

"Mia mbili na arobaini."

"Kwa hivyo umeona ya ukuta haitoshi kutuua."

Nilimweleza kwamba volti nyingi si lazima ziwe hatari, kwamba umeme wa utando unapita kwenye rizista kubwa mno hata ukiguswa unakuwa mshtuko mdogo tu, na kwamba hatari halisi iko kwenye kapasita za ugavi, zinazobaki na umeme hata ukizima, ambazo mimi huzimaliza chaji kwanza na kufanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili mfukoni. Alisikiliza yote, akaenda kukaa jikoni.

Kubana vitu ndani ya mkate si mchezo. Transfoma ya kawaida ingejaza nusu ya sanduku, kwa hiyo nilisokota ndogo kwa mkono, ya kukimbizwa kasi na saketi inayopandisha volti kutoka kwenye adapta ya kompyuta. Ya kwanza ililia kama mbu. Iliyofuata ilinyamaza, lakini ikanuka. Nilipopata moja isiyolia wala kunuka, nilikuta nyaya za volti kubwa ziko karibu mno na za sauti, nikakata bodi upya. Na transista za mwisho, zile zinazosukuma yale mabati mawili, huwa zinapitisha umeme muda wote hata kama hakuna anayeimba. Hilo ndilo huleta usafi wa sauti. Ndilo huleta joto pia. Zinakula stima zikikaa bure, kama kamati.

Lakini joto lina tabia njema moja: hupanda juu. Kwa hiyo nilipanga mapezi ya alumini ya kutoa joto chini ya kifuniko, nikatoboa kifuniko chote matundu madogo yaliyonyooka safu kwa safu. Nilijivunia matundu yale kuliko shahada yangu. Nikaongeza swichi ndogo ya joto, ya kuzima kila kitu mambo yakizidi, si kwa sababu nilidhani yatazidi, bali kwa sababu mtu mwenye akili huweka.

Siku mashine ilipowaka vizuri, nilivaa zile hedifoni nikaweka rekodi ya kwaya ya baba. Sijui niseme nini. Niliwasikia wakivuta pumzi. Nilisikia ukurasa ukigeuzwa, nikasikia bangili ya mtu ikigonga kitabu, nikajua kwamba alto mmoja alikuwa na mafua. Kila neno lilitoka limeoshwa na kuanikwa. Nilicheka peke yangu kati ya magunia. Nilijipongeza kwa sauti. Swali moja dogo, kwamba kama hawa watu wanatamka hivi basi baba analalamikia nini, halikupita kichwani, maana kichwa kilikuwa kimejaa mimi.

Jumamosi nikaipeleka Landless. Iliingia kwenye nafasi ile kati ya televisheni na kikombe kama imezaliwa hapo. Nikamvalisha baba, nikamwekea rekodi, nikamwacha ametulia, nikaenda jikoni kumsaidia mama kumenya viazi. Mama aliondoka kidogo, akarudi, akaendelea kumenya.

Niliporudi sebuleni, mashine yangu haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kitambaa.

Kwetu hakuna kitu cha umeme kinachoishi uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa kichwani, na thamosi, ambazo hata si za umeme, zina vyao. Vyote ni vyeupe, vya kroshia, vimezungushiwa uzi wa rangi ya machungwa, vimefumwa na mkono wa mama. Kumbe siku ile ile aliyosema neno mkate, naye alikuwa ameanza kazi. Mimi nikichora Gitothua, yeye akifuma Landless, kwa vipimo vilevile. Kilikuwa kimekaa sawasawa kabisa, kimeziba kila tundu nililolitoboa.

"Hawa soprano bado wanamumunya," baba akasema kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio.

Nikaingiza mkono chini ya kitambaa nikautoa upesi. Ungeweza kupikia chapati. Hapo hapo swichi yangu ya joto ikagonga, taa ikazima, kwaya ikakatika katikati ya haleluya.

"Mami! Nani ameweka hii?"

"Sasa ingekaa hivyo tu?" Mama alishangaa kwa dhati. "Na wazee wa kanisa wanakuja? Ati waingie wapate kitu iko uchi kwa kabati yangu?"

"Lazima ipumue."

"Televisheni inapumua na iko na kitambaa. Yako ndiyo gani?"

Nilipandisha hasira, nikasema mengi juu ya kroshia ambayo mwanamke wa Landless hapaswi kumwambia mama yake. Lakini niseme ukweli wa moyo wangu wa saa ile: nilifarijika. Soprano wanamumunya, mashine imezidiwa na joto, basi kosa ni la kitambaa. Yameisha. Fundi yeyote anajua kwamba joto halichagui sauti. Haliwezi kuwanyamazisha soprano likawaacha besi. Mimi nilijua pia. Nilibeba sanduku langu nikarudi Ruiru nikiilaumu kroshia njia nzima.

Nikaunda upya. Ukimwambia mama atoe kitambaa, utapata mashine isiyo na kitambaa na mama asiyekusalimia, kwa hiyo kilichobaki ni kuunda amplifaya inayoweza kuvaa. Niliomba kitambaa chenyewe nikakichunguza. Kilifunika juu, mbele na pembeni, lakini nyuma, upande wa ukuta, mama hakuwa amehangaika, maana hakuna mgeni anayetazama nyuma. Basi kila transista nikaihamishia nyuma, nikaifunga kwenye bamba nene la alumini, mapezi yakatazama ukutani. Nikapandisha miguu ili hewa iingie kwa chini. Nikapunguza umeme wa kukaa bure kadiri sauti ilivyoniruhusu. Yale matundu mazuri ya kifuniko nikayaaga. Kifuniko kipya kilikuwa kipara. Mume wangu alinikuta nimefunika sanduku kwa kitambaa cha mama mkwe wake, nimeingiza kipimajoto chini yake, nimetulia kama muuguzi. Hakuuliza.

Jumapili ya wazee ikafika. Baba alitoka kanisani mapema akawatangulia, akakaa kwenye kiti chake bila kuvua koti. Mama alikuwa jikoni na kuku. Sanduku lilikuwa mahali pake, limevaa, limewaka, na nilipogusa bamba la nyuma lilikuwa vuguvugu tu. Nikamvalisha baba.

Alisikiliza. Uso wake ukaanza kufunguka, akapiga goti kwa kiganja.

"Umeona? Bado! Hata na hiyo stima yako yote, bado wanamumunya! Wacha hao wazee wakuje."

Nikamwomba nisikie. Nikavaa. Kila neno lilikuwapo, kila mwisho wa neno, hata bangili. Hakukuwa na kitu cha kusingizia tena. Si simu, si spika za kanisa, si joto, si kitambaa. Nilikuwa nimeyaondoa yote kwa mikono yangu, moja baada ya jingine, na kilichobaki kimekaa kwenye kiti kinacheka kwa ushindi. Niliinua macho nikamwona mama amesimama kwenye mlango wa jikoni anapangusa mikono kwa aproni. Aliniangalia tu. Ndipo nikafahamu kwa nini siku hizi televisheni yao husikika mpaka barabarani, na kwa nini mama huongea na baba akiwa amemgeukia uso.

Wazee walikuwa njiani. Wangekaa pale, wangevaa mmoja mmoja, wangesikia maneno yameoshwa na kuanikwa, halafu wangetazamana kwa upole wao. Nikazivua hedifoni.

"Baba, usiwape wazee hii kitu."

"Kwa nini?"

"Iko na makosa. Inakata sauti za juu. Nilipiga hesabu vibaya. Makosa ni yangu."

Baba alizichukua hedifoni kutoka mkononi mwangu akaziweka mapajani.

"Umesema nini?"

"Makosa ni yangu."

"Maitu," akasema polepole. "Ulichoma pasi ya mama yako, ukasema ni stima mbaya. Ukaanguka mtihani wa gari, ukasema ni barabara ya Ruiru. Juzi hapa ukasema ni kitambaa. Mimi nimekulea. Haujawahi kukosea hata siku moja." Akaupitisha mkono juu ya magoti. "Leo umekosea."

Nikageuka nikaizima mashine.

"Kwa hivyo ni masikio," akasema.

Mama alirudi jikoni.

Wazee walifika, wakanawa, wakala kuku na chapati kama watu waliotumwa. Baba akawaeleza kwamba mashine ya binti yake imekufa. Alisoma sana, akasema, lakini mnaona. Wote wakanitazama kwa huruma. Yule wa methali alipoombea chakula kilichokwisha kuliwa, aliiombea na mikono yangu, Bwana aiongoze katika kazi zake. Nikasema amina. Chai ilipokuwa inamiminwa, baba akasema, kana kwamba anaomba sukari, kwamba amefikiri na ataacha kwaya. Na yule mama wa soprano aliyehama arudishwe, yeye mwenyewe baba ataenda kumwomba msamaha kwake nyumbani. Wazee walimpinga kwa muda unaotosha heshima, kisha wakamshukuru.

Walipoondoka, baba alirudi kwenye kiti, akazivaa hedifoni mwenyewe, zikakaa kombo kidogo.

"Washa," akasema.

"Baba, si lazima."

"Washa. Besi nawasikia vizuri sana. Hiyo mashine iko sawa."

Nikawasha, nikakaa kwenye mkono wa kiti chake. Hedifoni za aina hii ziko wazi kwa nje, humwaga sauti pembeni, na ukikaa karibu unasikia yote kwa udogo, kama redio ya nyumba ya pili. Nilikuwa nalia na sikujificha. Baba alikuwa amefumba macho, mkono wa kulia unapiga mapigo juu ya goti. Wimbo ulikuwa ule ambao besi huimba ubeti peke yao, halafu hunyamaza kabisa, ndipo soprano huingia bila kushikwa mkono na mtu. Besi wakamaliza. Kwake yeye nadhani kulikuwa kimya. Kidole cha kulia kikaendelea kuhesabu, kisha mkono wa kushoto ukapanda taratibu, ukafunguka, ukawaita, na soprano wakaingia pale pale.